Asilimia kumi ya nini, na kwa muda gani?

Kuna sentensi inazunguka vijiweni, kwenye vikoba na hata maofisini, na kila ikisemwa watu wanaitikia kwa kichwa: "Benki wanachukua asilimia kumi na sita, mimi nimepata sehemu wanachukua kumi tu." Anayesema hivyo hadanganyi. Kaambiwa kumi, na kwenye fomu imeandikwa kumi. Ila kumi yake ni ya mwezi na kumi na sita ya benki ni ya mwaka. Na hiyo bado siyo tofauti pekee inayomuumiza.

Riba ni bei ya kutumia fedha za mwingine. Hilo kila mtu analijua, tusikae hapo. Kinachosahaulika ni kwamba bei hiyo ina vipande vitatu: kiwango, muda, na kiasi ambacho kiwango hicho kinapigiwa hesabu. Ukitaja kipande cha kwanza peke yake hujataja bei bado. Ni kama kuambiwa nyanya elfu moja bila kuambiwa ni fungu au ni sado.

Suala la muda ni jepesi, tulipite haraka. Asilimia 10 kwa mwezi ni asilimia 120 kwa mwaka hata kabla hujaanza kuhesabu riba juu ya riba. Kule Kenya, M-Shwari, huduma ya mikopo kwa simu, tangu ianze mwaka 2012 inatoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Imeitwa ada, siyo riba, na masikioni inasikika ndogo. Ukikopa na kulipa kila mwezi mwaka mzima, ni asilimia 90. SACCOS nyingi za huko huko, yaani vyama vya akiba na mikopo, zimezoea asilimia moja kwa mwezi juu ya salio, yaani 12 kwa mwaka. Zote mbili watu wanaziita "riba ya chini".

Na kwa kuwa tumegusa muda, kuna mkanganyiko mwingine mpya. Tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania imekuwa ikitangaza riba yake: ilianza na asilimia 5.5, Aprili mwaka huo ikapanda hadi 6, Julai 2025 ikashuka hadi 5.75. Kila tangazo likitoka, mtu anauliza kwa nini yule mkopeshaji wa mtaani kwake hajashusha. Hiyo ni bei ya fedha baina ya Benki Kuu na mabenki, na kwa mwaka. Mkopeshaji wako wa mtaani hata hajaisikia.

Sasa tuje kwenye kipande cha tatu, kile ambacho karibu hakuna anayekitaja: asilimia kumi ya nini?

Chukua mkopo wa shilingi 600,000 kwa miezi sita, riba asilimia 10 kwa mwezi. Kuna namna mbili za kuupigia hesabu, na zote mbili mkopeshaji anaweza kuziita "asilimia kumi" bila kusema uongo.

Ya kwanza ni riba ya salio linalopungua. Kila mwezi unarudisha laki moja ya mtaji, yaani ile fedha yenyewe uliyokopa, na riba inahesabiwa kwa kile kilichobaki mkononi mwako. Mwezi wa kwanza unadaiwa laki sita, riba ni 60,000. Mwezi wa pili unadaiwa laki tano, riba 50,000. Halafu 40,000, 30,000, 20,000, na mwisho 10,000. Jumla ya riba ni 210,000.

Ya pili ndiyo maafisa mikopo wanayoiita flati. Riba inapigwa juu ya laki sita zote, kila mwezi, hadi mwisho. Elfu sitini mara sita ni 360,000. Deni lako linakuwa 960,000, rejesho 160,000 kila mwezi. Mwezi wa sita umebakiwa na laki moja tu ya watu, lakini bado unailipia riba ya laki sita. Tano kati ya hizo sita umesharudisha. Pengine zimeshakopeshwa kwa jirani yako, naye anazilipia riba vilevile.

Ukitaka kujua hiyo flati ya kumi ingekuwa ngapi kama ingehesabiwa kwa salio, jibu ni zaidi kidogo ya asilimia 15 kwa mwezi, yaani zaidi ya 180 kwa mwaka. Ule mkopo wa benki ambao mtu kaukimbia, ule wa asilimia 16 kwa mwaka, ukihesabiwa juu ya salio, kwa kiasi kilekile na miezi ileile, riba yake yote ni 28,000. Siyo kwa mwezi. Yote.

Najua mtu atasema benki wanataka dhamana, wanataka salari slipu, wanazungusha wiki tatu, na mtoto kafukuzwa ada leo. Kweli kabisa. Mtu ana haki ya kununua haraka kwa bei ghali. Kinachonikera ni pale anapotoka dukani akitangaza kwamba amenunua rahisi.

Tofauti hii ya flati na salio unaweza kuiona kwa macho, huhitaji kikokotoo. Itazame kadi ya marejesho, ile ya karatasi ngumu wanayokupa ukishasaini, yenye safu ya tarehe, safu ya rejesho, safu ya baki na mahali pa sahihi. Angalia namba ya kwanza kabisa kwenye safu ya baki. Kama umepewa laki sita na kadi imeanza na 960,000, umekopa flati. Riba ya miezi sita imeshageuzwa deni siku ile ile ya kwanza, hata kabla fedha hazijalala usiku mmoja kwako. Kadi ya mkopo wa salio inaanza na 600,000, na kwenye kila mstari utaona rejesho limegawanywa, hii mtaji, hii riba.

Namba hiyo ya kwanza ina madhara ambayo watu huyagundua wakiwa wameshachelewa. Tuseme mwezi wa pili umeuza mahindi ukapata laki saba, unataka ulipe deni lote upumue. Kwa mkopo wa salio, baada ya rejesho moja unadaiwa laki tano na riba ya mwezi huo, 50,000. Unalipa 550,000, unaenda zako na laki na nusu mfukoni. Kwa flati, kadi inasoma 800,000. Laki saba yako haitoshi. Wakopeshaji wachache hukubali kukusamehe riba ya miezi ambayo haijafika, wengine hawataki hata kusikia, na mara nyingi mkataba umeshaeleza msimamo wao kwa maandishi madogo.

Kibaya zaidi ni kuongezewa mkopo kabla ya kumaliza wa kwanza. Umelipa miezi mitatu, 480,000. Afisa mikopo anakupigia kwa sauti ya upole: wewe ni mteja mzuri, njoo tukupe tena laki sita. Ukifika wanakata kwanza deni la zamani, ambalo kwenye kadi ni 480,000, ingawa mtaji wao uliobaki mikononi mwako ni laki tatu tu. Unaondoka na 120,000, na kadi mpya inayoanza na 960,000. Jana ulikuwa unadaiwa 480,000. Leo unadaiwa mara mbili yake, na ulichopata ni laki moja na ishirini. Mtu wa namna hii ukimuuliza riba yake atakujibu bado ni kumi.

Kuna pia makato ya mwanzo. Ada ya fomu asilimia mbili, bima ya mkopo asilimia tatu, na ile laki sita imefika mkononi ikiwa 570,000. Riba haikupungua; bado inapigwa juu ya laki sita ambazo hukuziona.

Serikali ya Tanzania nayo iliona. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne: la kwanza mabenki na taasisi zinazopokea amana, la pili kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, la tatu SACCOS, la nne vikundi vya kijamii kama VICOBA. Hao wa daraja la pili, ndio wenye vibanda vilivyojaa mitaani, Benki Kuu imewawekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Na Novemba 2024 ikatoa orodha ya programu 69 za kukopesha kwa simu zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kwa hiyo mkopeshaji wa daraja la pili anayekutajia kumi kwa mwezi amevuka mstari hata kabla hamjafika kwenye flati, au gharama nyingine ameziita jina lisilo riba. Yale ya kausha damu, mikopo ya mtaani ya riba kubwa kupindukia, hayana haja ya maelezo. Jina lenyewe wakopaji ndio waliolitunga.

Kikoba tukiweke pembeni kidogo, maana nacho hutajwa kwa asilimia kumi na watu wanakitupia lawama ileile. Riba ya kikoba inaingia kwenye sanduku la wanachama, na mkivunja mwisho wa mzunguko inarudi kama gawio kulingana na hisa. Ukiwa na hisa nyingi na mkopo mdogo, unapata. Ukiwa na hisa chache na kila mwezi uko mstari wa mbele kukopa, unawalipia wenzako sikukuu ya Krismasi. Asilimia ni hiyohiyo.

Sasa, kwa aliyeshaingia, bajeti inaanzaje? Watu wengi huandika mapato juu, kodi, chakula, nauli, ada, kisha rejesho chini kabisa, kama kitu kitakachojipenyeza mahali palipobaki. Rejesho lina tarehe, na ukiikosa lina faini. Liandike la kwanza, kwa siku zake.

Hapo ndipo muda unaporudi kwa mlango wa nyuma. Mama lishe amekopa 200,000, anarejesha 60,000 kila wiki kwa wiki nne. Anauza 80,000 kwa siku, kwa hiyo 60,000 anaiona ndogo: mauzo ya siku moja tu hayafiki hapo? Lakini katika 80,000 hiyo, mchele, maharage, nyama, mafuta na mkaa vimekula 62,000. Chake ni 18,000. Akifanya kazi siku sita, rejesho ni 10,000 kwa siku, na kinachobaki kwa kodi, nauli na watoto ni 8,000. Siku ya mvua isiyo na wateja ikimkuta, atalipa rejesho kwa hela ya mchele wa kesho, na kesho atapika sufuria ndogo zaidi. Rejesho hulipwa kwa faida. Likianza kulipwa kwa mauzo, ni mtaji wa biashara unaoliwa, na mkopo wa pili hauko mbali. Na hiyo riba ya asilimia 20 aliyoambiwa, kwa kuwa kila wiki anapunguza mtaji wao, kwa fedha anazokaa nazo hasa kwa wastani ni asilimia 32 kwa mwezi.

Mwenye mshahara wa mwezi naye asikubali rejesho la wiki hata kama jumla ni ndogo. Wiki ya tatu ya mwezi mfukoni hamna kitu, atakopa kwingine ili alipe hapa, na kuanzia siku hiyo ana kadi mbili.

Mwenye madeni kadhaa tayari, aziweke kadi zote mezani. Kwa kila moja aandike kilichobaki na lini kinaisha. Kama analo la kuongezea, alipeleke kwenye deni ambalo kulipa mapema kunampunguzia riba kweli. Kuwahisha flati isiyosamehe riba hakumwokolei hata shilingi. Hiyo ailipe kwa tarehe zake tu, asikose, asizidishe. Kabla ya hapo amuulize afisa mikopo waziwazi: nikimaliza leo nalipa ngapi? Na aombe jibu kwa maandishi.

Kwa hiyo mtu akikuambia kakopa kwa "kumi tu", usimbishie, maana kumi anayo kweli kwenye fomu. Msaidie tu kuimalizia sentensi: alipokea ngapi mkononi, atarudisha ngapi jumla, na kwa muda gani. "Nilipokea 570,000, narudisha 960,000 ndani ya miezi sita." Akisema hivyo ameitaja riba yake yote, na asilimia anaweza kuiacha.