Furaha katika Bwana ni kitu gani, na mbona hupungua?

Jina la Bagamoyo lina maelezo mawili yanayosimuliwa tangu zamani. Wapagazi waliotoka Ujiji na Tabora na pembe za ndovu mabegani, wakiisha kuiona bahari, walibwaga moyo: walitua mzigo, na wasiwasi wakautua nao. Kwa watumwa waliofikishwa pwani hiyohiyo, kubwaga moyo kulikuwa kukata tamaa, maana mbele yao lilikuwa jahazi la Unguja na kwao hawangerudi tena.

Maelezo ya kwanza ndiyo picha inayowajia waumini wengi wakisikia mahubiri juu ya furaha ya Mkristo: deni limelipwa, mtoto kapata chuo, homa imeshuka, sasa moyo umetua. Furaha hiyo ni halali na Mungu ashukuriwe kwayo. Lakini siyo inayoitwa furaha katika Bwana. Hii huanza mzigo ukiwa bado begani.

Kiswahili kina maneno ya karibukaribu ambayo huchanganywa. Raha ni ya mwili na mahali: upepo wa kusi barazani, chai ya tangawizi, usingizi mzuri. Starehe ni raha iliyoongezwa fedha. Shangwe ni furaha iliyotoka nje kwa sauti: vigelegele, makofi, kwaya ikicheza. Furaha yenyewe hukaa ndani na yaweza kuwa kimya kabisa. Ibada yenye shangwe nyingi inaweza kuwa na furaha haba, na bibi anayesali rozari kwenye benchi la nyuma akawa nayo tele. Anayepima furaha ya kanisa kwa ukubwa wa spika anapima kitu kingine.

Uzito wa dhana uko kwenye neno dogo la katikati: katika. Paulo anaandika, “Furahini katika Bwana siku zote, tena nasema, Furahini” (Wafilipi 4:4). Alikuwa kifungoni (1:13), na hakujua kama atatoka hai au la. Maneno “siku zote” yangekuwa dhihaka kama sababu ya kufurahi ingekuwa siku zenyewe. Yanawezekana kwa kuwa anayefurahiwa ni Bwana, ambaye hali yake haikubadilika Paulo alipotiwa minyororo. Basi maana inayoweza kutumika ni hii: furaha katika Bwana ni moyo kupendezwa na Mungu mwenyewe, jinsi alivyo na alivyotenda katika Kristo, hata jema likija furaha iongezeke, na baya likija isiondoke yote. Daudi alilinganisha waziwazi: “Umenitia furaha moyoni mwangu, kupita yao wazidishapo nafaka na divai” (Zaburi 4:7). Hasemi nafaka si kitu. Anasema amepata kinachoizidi. Mvuvi wa hapa angetaja kamba na nguru.

Kuna neno moja ambalo Bagamoyo inalijua kuliko miji mingi, nalo linasaidia kueleza sababu ya furaha hii. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao hapa, na miongoni mwa wakazi wake wa kwanza walikuwamo watu, wengi wao watoto, waliokombolewa kutoka utumwani, baadhi yao kwa kununuliwa kwa fedha taslimu. Kukombolewa lilikuwa neno lenye bei. Na siku ya pili baada ya kukombolewa, mtu alikuwa bado mbali na kwao, bado ana makovu, na ratiba ya kazi na sala ya misheni haikuwa laini. (Ni haki pia kusema kwamba uhuru huo ulikuwa na mipaka yake.) Karibu kila kitu machoni pake kilikuwa vilevile, isipokuwa jibu la swali moja: wewe ni wa nani? Petro anaiweka furaha mahali hapohapo. Wasomaji wake walikuwa wakihuzunishwa na majaribu ya namna nyingi, na bado anasema wanafurahi “kwa furaha isiyoneneka” (1 Petro 1:8). Aya kumi mbele anawakumbusha kwamba walikombolewa, si kwa fedha wala dhahabu. Yesu naye aliwaambia wanafunzi 70 waliorudi wakishangilia kwamba pepo wanawatii, wasifurahie hilo, bali majina yao kuandikwa mbinguni (Luka 10:20). Huduma ikifanikiwa leo, kesho itakwama. Jina halifutwi kwa sababu mkutano umedorora.

Aya inayochapishwa sana kwenye kanga na fulana ni Nehemia 8:10, “furaha ya BWANA ni nguvu zenu.” Neno la Kiebrania lililotafsiriwa “nguvu” hapo lina maana ya ngome, mahali pa kukimbilia. Kwa hiyo aya haiahidi msisimko wa kubebea magunia. Inasema furaha hii hukulinda: aliye nayo ni vigumu kumhonga kwa starehe ndogo na ni vigumu kumtisha.

Na ukisoma sura nzima unaona furaha hiyo ilivyopatikana. Ezra alisoma torati tangu mapambazuko hata adhuhuri. Walawi wakawafafanulia watu maana. Watu wakalia, kwa sababu walijiona walivyo. Ndipo wakaambiwa waende wale kilichonona, wanywe kilicho kitamu, na wampelekee sehemu asiyewekewa kitu. Aya ya 12 inasema walifanya furaha nyingi kwa sababu waliyafahamu maneno waliyoambiwa. Hapo pana mambo manne kwa mpangilio: Neno, kulielewa, toba, kisha chakula kinachovuka ukuta kwenda kwa jirani. Wengi hujaribu kuanza na la nne, kwa sherehe, au kulikwepa la tatu. Hilo la sahani watu wa pwani hawahitaji kufundishwa. Futari hupelekwa nyumba ya pili Ramadhani, na pilau hurudi Krismasi. Mkristo anayesema furaha yake imekauka ajiulize lini mara ya mwisho sahani ilitoka kwake.

Kuitunza siku hadi siku

Saa ya kufaa ni alfajiri, kabla ya simu. Adhana ikishaita, nusu ya mtaa iko macho hata hivyo, na hakuna sababu ya Mkristo kulala zaidi ya jirani yake. Dakika 20 zinatosha kuanzia. Tano za kwanza soma zaburi moja mara mbili, mara ya pili kwa sauti. Tano zinazofuata tafuta jambo moja tu linalosemwa juu ya Mungu: alivyo, au alichofanya. Tano nyingine ligeuze jambo hilo kuwa sifa kwa maneno yako mwenyewe, hata kama ni sentensi tatu zinazorudiwa. Haja zako zije mwisho. Mpangilio huu una sababu. Anayeanza na ada ya shule, mguu unaouma na mume asiyesalimia, kwa dakika 20 atakuwa ameyatazama matatizo yake tu, huku amefumba macho, na atainuka magotini mzito kuliko alivyopiga.

Zaburi ni 150. Moja kwa siku inakupeleka miezi mitano. Tano kwa siku, mwezi mmoja, na Waanglikana wana mgawanyo wa zamani wa siku 30. Usianze na tano. Kufikia juma la pili msomaji huwa anahesabu kurasa, na anayehesabu hapendezwi. Zaburi 119 ina aya 176, nayo imekatwa katika mafungu 22 ya aya nane nane. Chukua fungu moja tu kwa siku. Halafu toka na sentensi moja kichwani, fupi kiasi cha kusemeka ukiwa kwenye bodaboda au ukikuna nazi. Ukiirudia mara nne tano mchana inafanya kazi kuliko sura tatu zilizosomwa zikasahaulika.

Usibaki peke yako. Jumuiya, ushirika wa nyumba kwa nyumba, kwaya, chochote kilicho karibu. Siku ambazo huwezi kuimba, wengine wanakuimbia, na hilo si aibu. Wakatoliki wanalo funzo zuri katika Dominika ya tatu ya Majilio, majuma ya kungojea Krismasi: katikati ya majira ya mavazi ya rangi ya zambarau na kungoja, padre anaweza kuvaa rangi ya waridi, na antifona ya mwanzo, yaani wimbo wa kuingia ibadani, ni maneno yaleyale ya Wafilipi. Kanisa linafurahi kabla ya Krismasi kufika.

Kwa nini hupungua

Njia ya kwenda misheni ya zamani ina miembe mikubwa kandokando. Kata tawi la mwembe leo, kesho majani yake bado ni ya kijani, na keshokutwa wapita njia hawatagundua. Ndivyo furaha inavyokufa, na ndiyo maana sababu yake hukosewa. Yesu alisema “kaeni ndani yangu,” akaeleza mzabibu na matawi, kisha akatoa kusudi la maneno hayo: “ili furaha yangu iwe ndani yenu, na furaha yenu itimizwe” (Yohana 15:11). Mtu aliacha sala Januari. Ukavu anauona Machi, baada ya kugombana na mkuu wake wa kazi, na anadhani sababu ni ugomvi. Kwa hiyo ukiona majani yananyauka, usitazame juma hili. Rudi miezi miwili au mitatu nyuma uulize nini kilikatwa.

Mara nyingi kilichokatwa ni dhambi iliyofichwa. “Niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa” (Zaburi 32:3). Daudi baadaye hakuomba furaha mpya, aliomba ile ya zamani irudishwe: “Unirudishie furaha ya wokovu wako” (51:12). Hapa dawa ni kuungama kwa jina la kosa lenyewe, si “unisamehe makosa yangu yote” ya jumla, na kama umemdhulumu mtu, kumrudishia chake. Wanaofunga siku saba huku wameshika hati ya shamba la ndugu hupata njaa tu.

Mara nyingine ni uchovu mtupu. Kiongozi wa kwaya aliye mwalimu wa Shule ya Jumapili, mweka hazina na mkeshaji wa kila Ijumaa hana siku ya kulishwa. Nabii Eliya alipotaka kufa chini ya mretemu, mti mdogo wa jangwani, malaika hakumkemea wala hakumhubiria. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akampa mara ya pili (1 Wafalme 19). Usingizi umo katika Maandiko kama tiba, ingawa hatuuhubiri.

Kisha lipo kosa la kuitafuta furaha yenyewe. Mtu anaketi kwenye ibada akijikagua: nimeguswa? Machozi yametoka? Jumapili ile nilihisi zaidi. Macho yameondoka kwa Bwana yamegeukia moyo, na moyo hauna cha kufurahisha ndani yake. Hisia hupwa na kujaa kama bahari hii, ambayo kwa kawaida hupwa mara mbili ndani ya siku moja, na hakuna mvuvi anayetangaza kwamba imekauka kwa kuwa dau lake limekaa mchangani.

Tofauti na hayo ni huzuni ya haki: msiba, talaka, mavuno kuliwa na nguruwe. Hapa “Bwana asifiwe!” na “Amina!” ya haraka huumiza, kwa sababu aliyefiwa hujifunza kuigiza. Paulo alijieleza kuwa “kama wenye huzuni, bali siku zote tu wenye furaha” (2 Wakorintho 6:10), yote mawili kwa pamoja. Zaburi 13 ni kielelezo kizuri cha kuombea, nayo ina aya sita tu. Mbili za kwanza ni lalamiko lisilopambwa: “hata lini utanisahau, hata milele?” Mbili za kati ni ombi. Mbili za mwisho ndipo anasema, “Moyo wangu na uufurahie wokovu wako.” Andika yako kwa mpangilio huo, bila kuruka aya mbili za mwanzo. Na kama za mwisho hazijaja, ipo Zaburi 88, inayoishia gizani. Imewekwa kwenye kitabu cha sifa kama ilivyo, na hakuna aliyeiongezea mwisho mwema.

Lipo jambo moja ambalo wazee wa kanisa wanapaswa kulijua kwa sababu watu huletwa kwao kwanza. Mtu akiwa na huzuni nzito au amepoteza hamu ya kila kitu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, halali au analala kupita kiasi, chakula hakimwingii, anajiona hana thamani, au anazungumzia kufa, huenda ni sonona, ambayo ni ugonjwa. Mama aliyejifungua karibuni aangaliwe hasa. Kumwambia imani yake ni ndogo ni kumwongezea mzigo. Mwombeeni, mpelekeeni chakula, na mmoja wenu amsindikize hospitali juma hilohilo. Akisema anataka kujiua asiachwe peke yake hata usiku mmoja, na safari ya hospitali iwe siku hiyohiyo. Akipewa dawa, ameze kama daktari alivyoelekeza na asiziache ghafla kwa kuwa ameombewa. Zaburi asomewe na mwingine kwa sauti, aya chache tu, maana katika hali hiyo hata kushika kitabu ni kazi.