Kwa nini mfanyakazi mmoja huonekana mara mbili kwenye mfumo wa dawati la huduma?

Ofisi kubwa haziandikishi wafanyakazi kwa mkono kwenye mfumo wa dawati la huduma, ule unaopokea tiketi za kompyuta mbovu, nywila zilizosahaulika na maombi ya vifaa. Mfumo huwachota kutoka kwenye saraka ya ofisi, yaani orodha ya akaunti zote za kompyuta za ofisi, mara nyingi Active Directory ya Microsoft iliyokuja na Windows 2000, kisha husawazisha orodha hizo mbili kila usiku au hata kila nusu saa. Kazi yote inafanywa na mashine. Iweje basi mtu aliyeajiriwa mara moja atokee mara mbili, mmoja akiwa na laptopu aliyokabidhiwa na tiketi zake za zamani, mwingine mtupu?

Ni kwa sababu kila rekodi inapoingia, mfumo hujiuliza jambo moja tu: huyu namjua, au ni mgeni? Akijulikana, taarifa zake zinasasishwa. Asipojulikana, anafunguliwa rekodi mpya. Kwenye ServiceNow, mmoja wa mifumo hiyo ya dawati la huduma, sehemu ya kumtambulia mtu huwekewa alama ya coalesce. Ukisahau kuiweka, kila mtu ni mgeni kila siku, na baada ya usiku wa pili orodha nzima imejirudia.

Hata ukikumbuka, umechagua sehemu ipi? Wengi hukimbilia barua pepe. Dada akiolewa na kurudi kazini na jina la mume, anwani inabadilika, na mfumo unamfungulia rekodi mpya. Jina ndilo baya zaidi: ofisi moja ya Mombasa au Zanzibar inaweza kuwa na Mohamed, Mohammed na Muhammad, na pengine wawili kati yao ni mtu yule yule aliyeandikwa na makarani tofauti. Jina la kuingilia, sAMAccountName, nalo haliruhusiwi kuzidi herufi 20, kwa hiyo majina yetu marefu hukatwa, na hubadilishwa pia mwenyewe akibadili jina.

Kinachofaa ni kitu kisichobadilika. Active Directory huipa kila akaunti objectGUID, namba ya baiti 16 inayobaki vile vile hata mtu akihama idara au akibadili jina. Ina kasoro moja: akaunti ikifutwa, kisha mtu akaajiriwa tena mwakani, anapewa namba nyingine. Hapo ndipo namba ya mfanyakazi kutoka ofisi ya utumishi inapookoa, mradi imejazwa na haijaharibika. Na huharibika kirahisi mno: faili ya CSV, yaani orodha ya maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma, ikifunguliwa kwa Excel na kuhifadhiwa, 00457 hugeuka 457, na mfumo unaona mtu mwingine. Kwa hiyo rekodi inakaguliwa kabla ya kuingia. Namba ipo? Tarakimu zimetimia? Kuna nafasi tupu iliyojificha mwishoni? Kuna mwingine anayeitumia? Swali hili la mwisho lisirukwe, maana Active Directory yenyewe haizuii watu wawili kujaziwa employeeID moja.

Tena, si kila akaunti ni mtu. Saraka ina akaunti za skana, za vyumba vya mikutano na za programu za kuhifadhi nakala. Zikipita zote, mfumo wa tiketi unajaa watumishi hewa. Akaunti zilizofungwa nazo zinahitaji jicho kali. Hali ya akaunti hukaa kwenye namba iitwayo userAccountControl: 512 ni akaunti ya kawaida, 514 ni hiyo hiyo ikiwa imefungwa, tofauti ikiwa ni 2. Anayetafuta 514 peke yake atamkosa mwenye 66050, ambaye naye amefungiwa ila nywila yake iliwekwa isiishe muda. Kinachokaguliwa ni biti yenye thamani ya 2, yaani kama ile 2 imejumlishwa ndani ya namba.

Upande wa meneja, hakikisha aliyetajwa yupo na bado yuko kazini. Akaunti ya meneja ikifungwa bila kufutwa, jina lake hubaki kwa walio chini yake, na maombi ya idhini yanakwenda kwa mtu aliyeondoka.

Hatari kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni rekodi ambazo hazikufika. Active Directory kwa kawaida haitoi zaidi ya majibu 1,000 kwa ombi moja; anayetaka zaidi lazima aombe kurasa kwa kurasa. Chukua ofisi yenye watu 1,400 ambayo programu yake haijui hilo: itapokea 1,000, na kama imeagizwa kwamba asiyeonekana ameacha kazi, watu 400 watafungiwa usiku mmoja. Ndiyo maana Microsoft Entra Connect, inayopeleka akaunti za ofisini kwenye wingu, husimamisha ufutaji ikiona unazidi akaunti 500 kwa mkupuo. Ofisi yenye watu 300 ishushe kiwango hicho, kwa kuwa 500 haiwalindi hata kidogo.

Rekodi iliyokataliwa isitupwe, wala isirekebishwe ndani ya mfumo wa tiketi, maana usawazishaji wa usiku utarudisha kosa lile lile. Iwekwe pembeni pamoja na sababu yake, namba haipo au meneja hapatikani, na orodha hiyo iwafikie asubuhi watu wa ofisi ya utumishi, ambao ndio wenye mamlaka ya kusahihisha taarifa kwenye chanzo.