Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba

Nguo hukauka maji yakitoka. Rangi ya mafuta ya wachoraji hukauka hewa ikiingia: mafuta ya mbegu za kitani yaliyomo hufyonza oksijeni, hushikana, yakawa ngozi ngumu. Ndiyo maana picha inayokauka huongezeka uzito kidogo mwanzoni. Hapo ndipo chanzo cha nyufa nyingi.

Tabaka lenye mafuta mengi hukauka polepole na hubaki laini. Ukilifunika kwa tabaka konda, lenye mafuta machache, la juu litakuwa gumu wakati la chini bado linacheza, na hilo la juu litapasuka. Kwa hiyo konda chini, nono juu. Mimi huanza na rangi iliyolegezwa kwa tapentaini kidogo tu. Tabaka la pili huchanganya sehemu moja ya mafuta ya kitani na mbili za tapentaini, la tatu nusu kwa nusu. Tapentaini ikizidi hata hilo la kwanza huharibika: rangi hukosa gundi, na ukipitisha kidole unatoka na unga.

Kila rangi ina mwendo wake. Amba, rangi ya kahawia ya udongo wenye manganizi, hushika ndani ya siku moja au mbili. Nyeusi ya mifupa huchukua wiki na zaidi, hivyo usiitandaze peke yake chini ya picha, hata kama kivuli kinakuvutia. Nyeupe ya zinki nayo naiepuka kabisa kwenye matabaka ya chini. Ikizeeka huwa kama kigae.

Neno lenyewe huponza wengi. Dukani kwa vifaa vya ujenzi, "rangi ya mafuta" ni ile ya kung'aa ya milango na mageti. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, rangi za kopo za namna hiyo juu ya hadibodi ndizo zilizozaa mtindo wake, na zinafaa sana kwa kazi ile. Lakini hukauka upesi mno kuwekwa juu ya rangi ya tyubu iliyo mbichi. Akriliki, rangi ya plastiki inayochanganywa na maji, vilevile: iwe chini ya mafuta, kamwe isiwe juu, itabanduka.

Vanishi ya mwisho isubiri miezi sita, mwaka kama rangi ni nene. Usiifiche picha kabatini ikisubiri, maana gizani mafuta ya kitani hugeuka manjano; ikitolewa kwenye mwanga, sehemu kubwa ya umanjano huo hupungua.

Jioni, matambara. Mafuta yanapofyonza oksijeni hutoa joto, na tambara lililokunjwa hulifungia humo hadi liwake lenyewe, bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja yakauke, au yaloweke kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko. Usiyaache kwenye ndoo ya taka ya studio, hata kwa usiku mmoja.