Usiuzike Uso wa Askari: Posta za Mashujaa kwa Picha za Zamani

Julai 25 ikikaribia, simu za Dar hujaa posta (mabango ya picha) za Siku ya Mashujaa, na nyingi zina kosa lilelile. Bunduki inaonekana, vifungo vya koti vinaonekana, uso wa askari umebaki doa jeusi.

Tatizo linaanzia kwenye sahani za kioo za kupigia picha zilizotumika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, 1914 hadi 1918. Nyingi hazikuhisi rangi nyekundu. Anga la bluu lilitoka jeupe tupu, tarbushi nyekundu ikatoka nyeusi, na ngozi ya kahawia ikazama kuliko jicho lilivyoiona. Dizaina akiongeza kontrasti ili picha "ipige", ndiyo kamaliza kuuzika uso.

Kwa hiyo picha ndogo ya karatasi naiskani kwa nukta 600 kwa inchi, biti 16 (ngazi nyingi za toni), faili la TIFF lisilopoteza ubora. JPEG, yaani picha iliyobanwa, ikishapita WhatsApp ukiinua giza lake unapata miraba mashavuni. Mwambie aliyekutumia airudie kama dokumenti. Kisha naweka maski (eneo pekee litakalohaririwa) usoni tu, ukingo laini, nainua toni za giza kidogo kidogo huku nimekazia jicho. Mstari wa kope ukijitenga na mboni, acha. Ukizidisha, uso unakuwa wa majivu, kama umepakwa unga.

Rangi sipaki. Sahani hiyo haikuambii kofia nyeusi ilikuwa nyekundu au nyeusi kweli.

Picha za Vita vya Kagera zilizotoka magazetini zina shida nyingine: nukta za uchapaji. Skani kwa 1200, tia ukungu wa pikseli 2 hivi, ndipo upunguze ukubwa. Ukianza kupunguza, viwimbi vitajaa picha nzima na havitoki.

Maandishi yaende kwenye lile anga tupu, herufi nyeusi, zisipungue pikseli 36 kwenye posta ya 1080 kwa 1350. Watu hupenda kumwaga giza chini ili waandike juu yake, na chini ndiko iliko miguu ya wapagazi. Misafara yao pia ni mirefu. Ukiikata iwe wima, mara nyingi anayebaki katikati ni ofisa Mzungu. Anza kukata upande wake, wapagazi wabaki.

Halafu maelezo. Picha nyingi za bure mtandaoni ni za mpiga picha Mjerumani Walther Dobbertin, ziko Bundesarchiv, hifadhi ya taifa ya Ujerumani, na askari wake ni wa Mjerumani. Tafuta tai mbele ya kofia. Sanamu ya Askari pale Samora, ya mwaka 1927, inawakumbuka waliopigana upande wa Mwingereza pamoja na wapagazi wao, wale wa Carrier Corps (kikosi cha wapagazi) waliotuachia jina la Kariakoo. Kuunganisha picha hizo na sanamu hiyo ni kumvisha mtu sare ya adui yake.

Leseni ya picha hizo ni CC BY-SA 3.0, leseni huria ya Creative Commons inayodai umtaje mwenye kazi. Jina la mpiga picha, hifadhi na leseni viandikwe ndani ya posta yenyewe, maana ikishafowadiwa mara mbili kapsheni haipo. Na posta yako nayo inabeba leseni hiyohiyo, jambo la kumwambia mteja kabla hajakupa nembo yake.