Samaki wa hifadhini hawabaki hifadhini

Tangu sehemu za bahari ya Malindi na Watamu zifungiwe uvuvi na kufanywa hifadhi mwaka 1968, kauli pwani ya Kenya ni ileile: samaki wamefungiwa watalii, mvuvi kaachiwa maji matupu. Nusu ya lalamiko hilo ni kweli. Eneo la kuvulia hupungua, na miaka ya mwanzo huwa migumu. Anayemwambia mvuvi atashiba mwezi ujao anamdanganya.

Ila samaki hawajui mpaka. Tazama Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa 1986. Watafiti walipima mavuno ya malema (mitego ya samaki) yaliyotegwa nje yake, na kadiri lema lilivyokuwa karibu na mpaka ndivyo lilivyotoka na samaki wengi zaidi. Waliovuka hasa ni tafi, changu na kangaja, samaki wa kutembeatembea. Wale wasiobanduka kwenye tumbawe lao hawamfikii mvuvi, hata wakijaa vipi. (Papa na jodari nao husafiri mbali mno, hifadhi ndogo haiwazuii.)

Aina ya zana nayo ina uzito wake. Juya, yaani wavu wa kukokota, likiburutwa mpakani hukokota wakubwa na wadogo pamoja na kuvuruga nyasi za baharini, basi faida hupotea palepale.

Kuna na mayai. Samaki aliyeachwa akakua hutaga mengi kuliko wadogo kadhaa ambao jumla ya uzito wao ni uleule, na viluwiluwi vyake, yaani samaki wachanga waliotoka tu kwenye mayai, huchukuliwa na mikondo. Hiyo ndiyo njia ya kufika mbali, kwani wanaovuka kwa kuogelea huvuliwa zaidi hapo karibu na mpaka.