Bergen ya Norwei: dhana potofu kwa mgeni anayekwenda kulala huko

Safu ya nyumba za mbao zenye mapaa yaliyochongoka, nyekundu na za manjano, zimeelekea bandarini. Ukitafuta picha za Norwei, hii huikosi. Hiyo ni Bryggen, gati ya kale ya mji wa Bergen, magharibi mwa nchi. Picha imefika mbali kuliko maelezo yake, na mgeni aliyebeba maelezo ya uongo hufungasha nguo zisizofaa, hutembea saa mbaya, kisha huondoka asijue alichokitazama.

"Ni nyumba za Waviking"

Sivyo. Zama za Waviking, mabaharia wa kale wa kaskazini mwa Ulaya, zilikwisha katika karne ya 11, na mji wenyewe, kwa mapokeo, ulianzishwa na mfalme Olav Kyrre mwaka 1070. Bryggen ni kazi ya wafanyabiashara, na kwa karne nyingi wenye sauti hapo walikuwa Wajerumani. Mnamo mwaka 1360 hivi, Hansa, umoja wa miji ya biashara ulioongozwa na Lübeck, ulifungua ofisi yake hapa. Haikufungwa mpaka 1754.

Kilichowaleta ni samaki. Huko Lofoten, kaskazini kabisa, samaki aitwaye torsk huvuliwa wakati wa baridi na kuanikwa juu ya vichanja, akauke kwa upepo tu bila chembe ya chumvi. Aliyekula ng'onda ataelewa upesi, ila torsk hukauka hadi akawa mgumu kama ubao, na huweza kukaa miaka bila kuoza. Kaskazini nafaka hazistawi, kwa hiyo Wajerumani walileta nafaka na kuondoka na samaki, chakula kilichotafutwa sana na Wakristo wa Ulaya kwa siku za mfungo wa nyama.

Ndani ya nyumba hizi waliishi wanaume peke yao: mabwana, makarani na vijana wanagenzi waliotoka Ujerumani wakiwa wadogo. Kuoa kulikatazwa. Moto pia ulikatazwa ndani ya majengo, hata katika usiku wa Januari, maana kila kitu kilikuwa mbao. Kupika na kuota moto kulifanyika kwenye kumbi za pamoja zilizojengwa kando, ziitwazo schøtstuene. Mimi naona kumbi hizo zinamweleza mgeni maisha ya hapa kuliko safu ya mbele inayopigwa picha, na wengi huzipita bila kugeuza shingo.

"Basi mbao zenyewe ni za Zama za Kati"

Hapana, na hii ndiyo dhana inayowashika hata wasomi. Mwaka 1702 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji, Bryggen ikiwemo. Wakajenga upya palepale, kwa ramani ileile: viwanja virefu vyembamba vinavyoanzia majini kurudi nyuma, vichochoro vya mbao katikati, roshani za ngazi juu yake. Kwa hiyo kilicho cha kale mno ni mpangilio na ufundi. Ubao unaoushika unaweza kuwa wa karne ya 18, na mwingine umewekwa na fundi wa siku hizi. UNESCO iliiingiza Bryggen katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979, na majengo yaliyosalia ni 62.

Kabla ya hapo, mwaka 1955, moto mwingine ulikula sehemu ya majengo ya Bryggen. Ulikuwa msiba, lakini kwenye ardhi iliyobaki wazi wakaingia wachimbaji wa mambo ya kale, na wakakuta vijiti vya mbao mamia vilivyochongwa herufi za runi. Hapo ikaanguka dhana nyingine, kwamba runi ni maandishi ya Waviking yaliyokufa pamoja nao. Watu wa Bergen waliendelea kuyatumia katika Zama za Kati kwa mambo ya kila siku: jina la mwenye mzigo, sala, maneno ya mapenzi. Kijiti kimoja kinasema tu: Gyda anasema urudi nyumbani. Nikikifikiria naona mtu amekaa kilabuni na ujumbe umemfikia mkononi.

"Norwei ni giza na barafu"

Bergen iko kusini sana ya Mzingo wa Aktiki, mstari ambao kaskazini yake jua huweza kutochomoza kabisa wakati wa baridi. Jua huchomoza kila siku ya mwaka: Desemba mchana hudumu kwa karibu saa sita, Juni kwa karibu saa kumi na tisa, na jua huzama baada ya saa tano usiku. Mikondo ya bahari yenye joto hufanya wastani wa Januari uwe juu kidogo ya nyuzi 0. Hata taa za kaskazini, zile rangi za angani ambazo wengi huzifuata Bergen, ni za bahati hapa. Anayezitaka kweli apande hadi Tromsø, mji wa kaskazini mwa nchi.

Cha kujiandalia ni mvua. Upepo wa Atlantiki hugonga milima inayouzunguka mji, na kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 2,200, kama mara mbili ya Dar es Salaam. Kuanzia mwisho wa Oktoba 2006 hadi Januari 2007 kulinyesha siku 85 mfululizo. Mwavuli hupinduliwa na upepo. Chukua koti la mvua lenye kofia na viatu visivyopitisha maji.

Na tusiilaani mvua hiyo. Nyumba za Bryggen zimesimama juu ya magogo na tabaka za takataka za karne nyingi. Tabaka hizo zikilowa, hewa haipenyi na mbao haziozi. Maji ya ardhini yaliposhuka, ardhi ilianza kudidimia na nyumba kuinama. Sehemu ya tiba ilikuwa kuyaacha maji ya mvua yazame ardhini badala ya kuyakimbiza baharini kwa mabomba. Ukiona sakafu imelala upande, hakuna aliyeipamba ili ionekane ya kale.

"Nitaingia asubuhi, nitoke jioni"

Hapa ndipo ningemshika mgeni mkono. Wakati wa kiangazi meli za kitalii hushusha maelfu ya watu, na kati ya asubuhi na alasiri vichochoro havipitiki. Jioni wanarudi melini. Anayelala mjini, hata usiku mmoja, anaipata Bryggen ikiwa kimya na bado kuna mwanga. Weka chumba mapema ikiwa unakwenda Mei hadi Agosti, hasa karibu na tarehe 17 Mei, sikukuu ya taifa. Hosteli au chumba chenye jiko kitakuokoa, kwa kuwa chakula cha mkahawani ni ghali, na soko la samaki bandarini, ambalo wengi hudhani ni la bei nafuu, huuza kwa bei za watalii. Nunua dukani upike. Kumbuka kwamba Jumapili maduka makubwa ya vyakula hufungwa. Maji ya bomba hunywewa bila kuchemshwa, na kadi ya benki inatosha karibu kila mahali.

Haki ya kupiga hema porini ipo kweli kisheria, ila ni kwa maeneo ya wazi yasiyolimwa, mita 150 au zaidi kutoka nyumba ya watu, si bustani za mjini. Kuwasha moto msituni au karibu na msitu hukatazwa kati ya tarehe 15 Aprili na 15 Septemba.

Kuhusu viza: Norwei haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini imo Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye pasi ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Schengen, na kama anayo halali kwa nchi zote za eneo hilo, haombi nyingine.

Kutoka uwanja wa ndege wa Flesland treni ya mjini iitwayo Bybanen hufika katikati ya mji kwa robo tatu ya saa hivi. Weka mzigo, vaa koti, nenda Bryggen saa nne usiku, uache safu ya mbele na uingie kichochoro chochote kilicho wazi. Mbao zitalia chini ya miguu yako, na zinanuka lami.