"Akishazaa, Shule Basi": Maneno ya Kusini Yanayotuchosha Wasaidizi wa Kisheria

Januari shule zikifunguliwa, maelezo tunayoletewa ni yale yale, iwe Newala, Masasi au Kilwa, huku kusini mwa Tanzania: "Binti alipata mimba, shule imeisha. Serikali imekataza."

Haijakataza. Watu wanaikumbuka kauli ya Rais Magufuli ya Chalinze, Juni 2017, kwamba aliyezaa harudi shule. Iliyofuata hawana habari nayo: tarehe 24 Novemba 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba mwanafunzi aliyekatiza masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi, na Februari 2022 ukatoka mwongozo. Mwaka 2017 redio zilisikika hadi shambani. 2021 nadhani betri zilikuwa zimekwisha.

Binti anapewa miaka 2 ya kurudi, nayo huhesabiwa tangu alipoacha shule. Si tangu alipojifungua, wala mtoto alipoacha ziwa. Hapo ndipo familia zinapoteleza. Binti ameacha shule mimba ikiwa na miezi 5, akajifungua miezi 4 baadaye, bibi akasema mtoto anyonye miaka 2 ndipo mama yake aende. Jumlisha: miezi 28. Nafasi ilikuwa ya miezi 24. Halafu wanakuja kwetu na hasira, wanasema mkuu wa shule ana roho mbaya.

Kwa hiyo siku binti anapoacha shule, andikeni tarehe. Mtoto akifika miezi 6 na kuanza uji, mzazi au mlezi aongozane na binti hadi kwa mkuu wa shule, wakiwa na cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki ya binti mwenyewe, ripoti ya mwisho, na barua fupi ya kuomba kurudi yenye ile tarehe. Barua iwe nakala mbili, moja igongwe muhuri mbaki nayo. Mkikataliwa, ombeni jibu la maandishi, nendeni kwa Afisa Elimu Kata, kisha kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri. Jibu la mdomo halina mahali pa kukatiwa rufaa. Akiona haya kurudi pale pale, ombeni uhamisho.

Kikao cha familia kisiwe cha baba peke yake. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao mjomba ana neno, na bibi ndiye atakayebaki na mtoto. Wasipokubali hao wawili, barua ni karatasi tu.

Tena kuna jambo ambalo wanaume kikaoni hawalitaji: maziwa. Wiki za mwanzo yanajaa, yanauma, yanalowesha blauzi mbele ya darasa, na binti haonekani tena. Watu wanasema "kashindwa mwenyewe". Akamue asubuhi kabla ya kuondoka, akamue tena mapumziko, awe na kitambaa safi na blauzi ya akiba. Mwalimu wa kike apewe taarifa mapema. Maziwa aliyoyaacha nyumbani, kwa joto letu la pwani, yasikae zaidi ya muda wa saa 4 bila friji.

Miaka 2 ikipita, bado kuna Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima: anafanya QT (mtihani wa maarifa), akifaulu anafanya mtihani wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Njia hiyo inafika, ila ni ndefu, na hakuna kengele ya kumwita darasani.

Maneno mengine tunayoambiwa tuyamalize haraka.

"Kachezwa unyago, ni mtu mzima." Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata awe amechezwa mara ngapi. Lakini na wale wanaokuja kutoka Dar es Salaam kutaka unyago upigwe marufuku hawatusaidii. Ngoma ipangwe likizo ya Desemba, na kungwi ashirikishwe. Kungwi akimwambia mwali "maliza shule kwanza", neno hilo linakaa kuliko mabango yote ya barabarani.

"Tumeshamalizana na wazazi wa kijana." Hamjamaliza kitu. Kifungu cha 60A cha Sheria ya Elimu, kilichoongezwa 2016, kinatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba. Anayesaidia ndoa hiyo ipangwe naye ana adhabu yake: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo cha miaka 5, au vyote viwili. Mzazi aliyepokea mahari ajisome humo.

"Ajifelishe tu darasa la saba." Huu ushauri wa kumwambia mtoto ajaze majibu hovyo ndio unaotukera zaidi baada ya lile neno la "shule imeisha". Wanadhani akifeli si mwanafunzi tena, kwa hiyo sheria haimgusi mwanaume. Chini ya miaka 18 Kanuni ya Adhabu bado inamlinda binti, awe mwanafunzi au asiwe.

"Wanaharakati wametumwa na Wazungu." Rebeca Gyumi, binti wa Dodoma, ndiye aliyefungua kesi kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Alishinda Mahakama Kuu Julai 2016 akiwa hajafika hata miaka 30. Serikali ikakata rufaa, Mahakama ya Rufani ikaitupa Oktoba 2019. Katiba iliyotumika ni ya Tanzania.

"Elimu ni bure, mbona naombwa hela?" Ada ndiyo iliyofutwa: kuanzia 2016 hadi Kidato cha Nne, na kuanzia 2022 hadi Kidato cha Sita. Sare, viatu, madaftari na nauli ni vyako. Korosho inalipwa kuanzia Oktoba, fomu za Kidato cha Kwanza zinadaiwa Januari, na katikati kuna sherehe. Malipo ya mnada wa kwanza yakiingia, toeni ya sare papo hapo na mpelekeni binti kwa fundi Novemba, kabla foleni haijaanza.